Mtihani wa Birika

Makazi ya Waomba Hifadhi,
Ghorofa ya chini, chumba namba 9.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ajili ya wiki zote nilizokaa kimya. Goti linasemaje? Miwani mipya imekukubali, au bado unaishika barua mbali na uso kama kitu kinachonuka? Nimesikia mjukuu wako ameota meno mawili na tayari ameyajaribu kwenye kidole chako. Pole kwako, hongera kwake.

Sisi huku tu wazima. Nimeandika hivyo katika kila barua tangu tufike, mpaka kalamu inaandika yenyewe bila kuniuliza. Leo nafuta. Naogopa, Shangazi. Tangu Ijumaa, nikisikia hatua kwenye korido naacha nilichokuwa nafanya na kusimama katikati ya chumba kama niliyeitwa.

Barua hii nitaipiga picha na kuituma kwenye simu ya Binamu ili uisome leo leo. Ningepiga simu, lakini wewe simu huisikii, na mambo haya si ya kupigiwa kelele. Karatasi yenyewe itakufuata kwa posta taratibu.

Ijumaa ile tuliletewa barua. Msimamizi wa jengo aliipitisha chini ya mlango, maana habari mbaya hapendi kuzitoa mkononi. Inasema kwamba Baba ni mtu mzima anayejitegemea katika shughuli zake zote, na kwa hiyo Jumatatu ijayo atahamishiwa kwenye nyumba ya wanaume wasio na familia, ng'ambo ya pili ya mji, ghorofa ya tatu. Mimi nitabaki hapa na kupangiwa mwanamke mwingine wa kuishi naye. Faili la Baba na faili langu ni mafaili mawili. Kilichotuweka chumba kimoja ni kwamba mimi niliandikwa mtunzaji wake, na mtu anayejitegemea hahitaji mtunzaji.

Niliisoma mara tatu nikitafuta aliyekosea. Tuliokosea ni sisi.

Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja wa makamo, mwenye viatu vya raba na begi lililojaa vikorokoro. Yeye si daktari wala si nesi. Anaitwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na kazi yake ni kukutazama unavyofanya mambo ya kila siku: kuvaa, kuoga, kupika, kuinuka kitandani. Kisha anaandika unaweza nini peke yako na unahitaji kusaidiwa wapi. Jengo zima linamwita Mama Birika, kwa sababu kila anayemtembelea humwomba amtengenezee kikombe cha chai. Chai yenyewe hanywi. Fundi viatu wa chumba namba kumi na moja anasema kama angekuwa anazinywa zote, mama wa watu angeshaelea.

Sisi tulijiandaa kwa ajili yake kama tulivyojiandaa kwa kila mtu mwenye karatasi. Nilimpigia Baba pasi shati, nikafunga vifungo vyote nikaacha viwili vya juu, ili aonekane anamalizia. Nililegeza kifuniko cha kopo la sukari. Nikajaza birika nusu, likawa jepesi. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu, Shangazi. Nilitaka tu mzee asiaibike mbele ya mgeni.

Mkono wake wa kulia unaujua ulivyokuwa. Mabango yote ya mtaa wetu yaliandikwa na mkono ule, na watu walikuwa wakisema duka lisilo na bango la Baba halina mwenyewe. Unajua pia wenye bunduki walivyouvunja, kwa sababu ya kitambaa kimoja tu alichowaandikia waandamanaji. Usichokijua ni jinsi ulivyopona. Vidole vitatu havikunji. Bega haliinuki kupita kifua. Na akiinama hushikwa na kizunguzungu. Alianguka bafuni mara mbili kabla sijaanza kumsaidia.

Hapo kwenye kumsaidia ndipo penye siri. Mwambie Binamu ageukie ukutani, ingawa simu ni yake. Mimi ndiye ninayemwogesha Baba. Haya, nimeandika.

Huketi kwenye kigoda cha plastiki akiwa amejifunga shuka kiunoni, nami husimama nyuma yake macho yakiwa kwenye vigae. Hatuzungumzii kinachoendelea. Yeye hutaja mabango yake, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa mtaa: Saluni ya Kisasa, Duka la Dawa, Kinyozi Hodari, Usiegeshe Gari Hapa, Mbwa Mkali. Tukifika Mbwa Mkali najua mgongo na kichwa vimekwisha, imebaki miguu. Mwaka mzima tumefanya hivyo, na tukishatoka bafuni tunakuwa watu ambao hawajawahi kuingia humo pamoja.

Basi Mama Birika alipouliza, kupitia kwa mkalimani, ni nani humsaidia mzee kuoga, sisi wawili tulitazama sakafu.

"Naoga mwenyewe," Baba akasema. "Kwani mimi mtoto?"

Mama Birika akanigeukia mimi. Nikasema anaoga mwenyewe. Ningesema nini, Shangazi? Kuna maneno ambayo binti hayatamki baba yake akiwa ameketi pale pale, hata akiulizwa na malaika.

Kisha likaja birika. Mama Birika alipoona maji ni nusu, akalijaza hadi juu kwa wema wake, pengine alidhani tunabania. Lilipochemka, Baba akalishika kwa mkono ule ule mbovu. Wa kushoto ni mzima na ulikuwa karibu zaidi, lakini hakuutumia. Akalinyanyua. Likayumba. Kikombe kikajaa, na maji mengine nikayaona kwa macho yangu yakiingia ndani ya mkono wa shati. Maji yanayochemka. Baba hakusema hata "a". Aliliweka birika chini taratibu, akamwambia mkalimani, "Mwambie mgeni karibu chai."

Mama Birika alitabasamu, akaandika. Walipoondoka nilimkunja Baba mkono wa shati, na ngozi ikaja pamoja na kitambaa.

Nililia, nikamgombeza, nikamuuliza ni kiburi gani hicho. Ndipo akanieleza jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu. Unakumbuka nilikuandikia kwamba njiani, kwenye kizuizi, walitutenga, wanawake huku na wanaume kule. Huko kwa wanaume, wenye bunduki waliweka barabarani dumu la maji la lita ishirini. Kila mmoja alitakiwa alinyanyue na kutembea nalo hadi kwenye gari lao. Aliyefika, alipita. Aliyeshindwa aliwekwa kando. Baba alilibeba mkono ukiwa umefungwa matambara, mfupa ukiwa bado mbichi. Nyuma yake alifuata yule mwalimu wa hesabu jirani yetu, mwenye pumu. Hakufika kwenye gari. Baba hakugeuka, lakini masikio hayana mlango.

Kwa hiyo sasa mtu yeyote mwenye kalamu akimwambia nyanyua hiki, Baba atanyanyua hata nyumba. Na mimi niliyekuwa upande wa wanawake nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Kwa kuwa leo ni siku ya kukiri, na hili nalo nilitoe. Zile salamu za Baba mwishoni mwa barua zangu, ambazo Binamu anasema unawaonyesha watu na kujigamba kwamba mdogo wako hajapoteza mwandiko, niliziandika mimi. Yeye hutamka, mimi huiga herufi zake. Nilizijua tangu nikiwa mdogo, nikimshikia kopo la rangi. Tuliona vibaya kukuumiza bure. Mimi nisamehe, yeye unaweza kumlaumu kidogo.

Sasa nikurudishe kwenye barua ya Ijumaa. Nilijua dawa yake ni moja, kwenda kusema kweli. Lakini kweli yenyewe iliniogopesha kuliko barua. Wakili wetu alituonya siku ya kwanza kabisa: uongo mmoja kwenye faili huchafua kweli mia. Na maombi yetu ya hifadhi bado hayajajibiwa. Nikienda kusema tulidanganya kuhusu bafu, nani ataamini tuliyoyasema kuhusu kizuizi? Jumamosi na Jumapili nilizunguka na swali hilo. Upande mmoja naona Baba peke yake kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Upande wa pili naona sote wawili kwenye ndege ya kurudishwa. Nilitamani mtu anichagulie.

Jana asubuhi nilikwenda. Ofisi ya Mama Birika iko nyuma ya zahanati. Ni chumba kidogo chenye kitanda, ngazi ya mbao ya vidato vitatu isiyokwenda popote, na ubao wenye vifungo, zipu na kamba za viatu za kujaribia. Mkalimani ni kijana wa kiume, na ilibidi nimwambie yeye kwanza habari za kumwogesha baba yangu, ndipo naye amwambie mwenzake. Mashavu yaliniwaka. Kijana wa watu alitafsiri huku akitazama magoti yake, Mungu ambariki.

Nilipomaliza nikasema, "Nilidanganya. Sote wawili tulidanganya."

Mama Birika aliweka kalamu chini. Nilingoja aniulize kwa nini. Aliuliza, "Aliungua?"

Nikamwonyesha kwenye mkono wangu, kuanzia hapa mpaka hapa. Akafumba macho kidogo.

Alisema atakuja tena Alhamisi na kuandika ripoti nyingine, na atawaomba watu wa makazi wasimhamishe mzee kabla hajaimaliza. Nilitaka kumrukia shingoni, lakini akainua kidole. Hawezi kuandika ninachomwambia mimi, anaandika anachokiona. Baba lazima afanye mwenyewe, kila kitu, kwa jinsi anavyoweza kweli. Na mimi nikae nje ya mlango.

Nikamuuliza kuhusu faili. Je, wale wanaoamua tubaki au turudishwe wataona kwamba tulisema uongo? Akajibu kwamba ripoti yake inakwenda kwa watu wa makazi, na kwamba ataeleza vizuri ni kwa nini wazee wengi huficha, maana hatukuwa wa kwanza. Ila hawezi kuniahidi nani atafungua faili lipi. Alisema kweli, na mimi pale nilitamani uongo.

Niliporudi nikamweleza Baba. Nilijiandalia hasira zake, Shangazi, za kurusha kofia na kuita ukoo mzima. Hazikuja. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyeniweka kando."

Chakula nilichompa alikigeuzia mgongo.

Leo asubuhi alichukua taulo na kigoda, akaenda bafuni peke yake, akafunga mlango. Nilimfuata nikasimama korido kama mwizi. Nikasikia maji. Nikamsikia akianza mabango yake, kwa sauti, peke yake. Saluni ya Kisasa. Duka la Dawa. Halafu kigoda kikateleza, nikasikia kishindo, na Kinyozi Hodari hakutajwa.

Nilipiga mlango kwa bega. Alikuwa chini, maji yanamwagika juu yake, anajaribu kulivuta shuka kwa vidole visivyokunja. Hakuumia sana, amechubuka nyonga na kiwiko. "Funga mlango," aliniambia, "watu wataona." Nikafunga. Nikakaa pale pale kwenye maji karibu naye, na hatukutaja bango lolote.

Ninachokuomba ni hiki. Mwandikie leo, hata mistari miwili, Binamu aipige picha aitume. Wewe ulimbeba mgongoni, na ndiye mtu pekee duniani unayeweza kumwita "wewe mtoto" asinune. Mwambie dumu la hapa si lile la kule. Mwambie hapa anayeshindwa ndiye anayebaki na wake. Mimi nimesema mpaka ulimi umechoka, lakini sikio halizidi kichwa. Mkumbushe ulichokuwa ukituambia sote tukificha homa ili tuende kucheza: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Maana Alhamisi akilinyanyua tena lile birika, Shangazi, mimi nitakuwa nje ya mlango. Sitaweza kufanya lolote. Ataungua kimya kimya, ataandikiwa ameweza, na Jumatatu watampeleka kwenye bafu ambalo nje yake hakuna mtu anayesikiliza.

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kufunga barua, alipoingia Baba. Naandikia kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu huku kuna meza na mashine inazungusha nguo zetu. Alisimama mlangoni na kiwiko chake nilichokifunga bendeji.

"Unamwandikia nani?"

"Shangazi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote, Baba. Na mwandiko pia."

Alitazama mashine inavyozunguka. Nilidhani ataondoka. Badala yake akavuta kiti, akaketi, akasema nimwachie nafasi chini amsalimie dada yake. Nikachukua kalamu kama kawaida, tayari kuiga. Akaninyang'anya.

Aliipachika kalamu katikati ya vidole vya mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, kama mtu anayebana taa kwenye ukuta. Ikaanguka. Akaipachika tena. Mashine ilimaliza mzunguko ikanyamaza, na yeye bado yuko kwenye neno la kwanza. Jasho lilimtoka. Mikono yangu niliikalia ili isimsaidie. Alipomaliza alisimama, akarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa upande, vile alivyokuwa akikagua bango kabla ya kushuka ngazi.

"Herufi zimelewa," akasema.

Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilifanya vyote. Yeye hakufanya hata kimoja. Alichukua kikapu cha nguo kwa mkono wa kushoto, akafika mlangoni, akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Huyo mama wa Alhamisi," akasema, "anakuja saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne. Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Sijui amekubali nini, Shangazi. Anaweza kuwa ameuliza ili apate muda wa kunyoosha shati. Ndiyo maana bado nakuomba umwandikie, na bado naogopa.

Nisalimie Binamu na mkewe, na umwambie sasa anaweza kugeuka. Nisalimie mwenye meno mawili. Mjane wa mwalimu wa hesabu, akipita hapo kwako, mpe salamu za heshima, lakini haya ya dumu usimwambie. Hayo ni ya Baba kumwambia, siku atakayoweza. Mungu akutunzie goti na macho, akuweke mpaka tuonane, na Alhamisi saa nne asikae mbali na chumba namba tisa.

Mimi wako nikupendaye, leo kwa mwandiko wangu mwenyewe,
Binti wa mdogo wako.

Huu hapa chini ni mstari wa Baba. Sijaugusa hata nukta. Usome polepole, neno la mwisho limeteremka likafika ukingoni mwa karatasi:

Dada shikamoo. Siwezi.